Kwa Nini Hatutikisiki Wimbo wa Taifa Ukipigwa

Zama hizo wimbo wa nchi ulikuwa haujapata adabu. Ulipopigwa, watu walicheza. Walitafuna, walipiga soga, walitaniana, mzee alimalizia kata yake ya pombe na mama alimnyonyesha mwanawe, na hapakuwa na mtu wa kumwambia mwenzake simama wima. Leo mtoto akijikuna pua wakati wimbo wa taifa unaimbwa shuleni, mwalimu humkazia macho kana kwamba amemfuma akiiba. Ukimwuliza mwalimu sababu, atakwambia ni heshima. Mwulize tena, heshima kwa nani? Hapo ataanza kukohoa. Basi sogeeni niwaeleze, maana jambo hili lina chanzo, na chanzo chenyewe hakipendezi. Anayetaka hadithi ya sungura na aende nyumba ya pili.

Nchi iliitwa Usangilo. Ilikuwa nchi ya bara, yenye mtama mwingi na ng'ombe wa kutosha, lakini haikuwa na chumvi. Chumvi ilikuwa ng'ambo ya Mto Gombero, kwenye mbuga nyeupe ambako kiangazi ardhi yenyewe hutoka jasho la chumvi. Kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani, nusu ya watu walivuka kwenda kuichota. Walivuka kwa chelezo kimoja kikubwa cha magogo, kilichovutwa kwa kamba nene kutoka ukingo huu hadi ule. Walikaa huko nusu mwezi, kisha wakarudi na makanda yao yamejaa. Kurudi kabla ya mvua lilikuwa jambo la lazima. Gombero ukijaa hauvukiki mpaka kiangazi kingine, na ng'ambo hakukuwa na kijiji wala punje ya nafaka, ila simba na ule weupe.

Sasa Wasangilo walikuwa na mwiko mmoja, nao waliushika kwa meno. Hawakuhesabu watu. Mbuzi walihesabiwa, ng'ombe walihesabiwa, hata mitungi ya pombe ilihesabiwa na wenye kiu. Lakini mtu hahesabiwi, walisema, kwa kuwa ukimhesabu umekionyesha kifo njia ya kwake. Wangejuaje basi kama wote wamevuka? Wazee wao wa kale, waliokuwa na akili kuliko wajukuu zao, waliutunga wimbo wa nchi kwa ajili hiyo. Ngoma Kuu ilipigwa ukingoni mwa mto, beti tatu, na watu wakaimba majina ya vilima na visima vyao, ili aliyebaki ng'ambo asikie na ajue nyumbani ni upande upi. Baada ya ubeti wa tatu mpigaji aliinua juu mikwiro yake, vile vijiti vya kupigia ngoma, na hapo pakawa na pengo. Pengo la pumzi tisa, hakuna sauti. Aliyebaki ng'ambo alijibu kwa filimbi ya tete, ambayo kila mchota chumvi aliivaa shingoni. Filimbi ikilia, chelezo kilirudishwa. Pengo likipita kimya, ndipo ubeti wa nne ulipopigwa, ubeti wa furaha, na chelezo kikavutwa nchi kavu.

Kwa hiyo wimbo ule haukutungwa kuisifu nchi. Ulitungwa kuwaulizia watu wake.

Mpigaji wa Ngoma Kuu katika siku hizo alikuwa Lubinza, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa na moyo uliopenda kusifiwa. Alikuwa mgane wa miaka mingi. Mke wake alimwachia binti mmoja tu, Holo, na huyo Holo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Lubinza alirithi ngoma kwa baba yake, na baba yake alipomkabidhi mikwiro alimwambia maneno machache: "Ngoma ni yako. Pengo si lako, ni la watu." Lubinza aliitikia, kama tunavyoitikia wote tunapoambiwa jambo zuri na mzee anayekaribia kufa.

Lakini miaka ilikuwa mizuri. Kila mwaka wachota chumvi walirudi salama, na kila mwaka siku ya kurudi kwao ilizidi kuwa siku ya sherehe. Mtemi Kasanda, aliyetawala Usangilo, alikuwa mtu wa nyama na pombe. Aliagiza mafahali wachinjwe palepale ukingoni. Vijana walikuja na njuga miguuni. Wanaume walivaa zile kofia zao za manyoya zinazofunika masikio, fahari ya wenye mifugo. Watu waliposikia ubeti wa tatu unaisha, walijua nyama imekaribia, wakapasua vigelegele katikati ya pengo. Mwaka wa kwanza Lubinza alikunja uso. Mwaka wa pili alitabasamu. Mwaka wa tatu hakuinua mikwiro kabisa. Alilijaza pengo kwa mapigo ya mbio, mapigo ya kwake mwenyewe, ambayo hayakuwahi kusikika Usangilo, na wanawake wakamtandikia nguo za magome ya miti njiani akipita. Mtemi alimpa kigoda karibu na chake. Nani angekikataa?

Holo alikuwa na umri wa kuolewa lakini hakuwa na haraka nayo. Alibeba kanda la chumvi sawa na mwanamume, na ulimi wake haukuwa na kizuizi. Mwaka ule wa balaa, asubuhi ya kuvuka kwenda kwenye chumvi, alimkuta baba yake akiipaka ngoma mafuta.

"Baba," alisema, "mwaka jana mimi na wenzangu tulikuwa wa mwisho kufika mtoni. Tulipuliza filimbi mpaka midomo ikavimba. Hakuna aliyetusikia. Tulipona kwa sababu Mzee Ngusa alikuwa hajaifungua kamba."

"Ngusa ni mvivu," Lubinza alisema akicheka. "Uvivu wake nao una faida."

"Sicheki, baba. Rudisha pengo."

"Mwanangu, watu wanalisubiri pigo lile mwaka mzima. Niwanyime? Na nani hulala ng'ambo siku hizi? Hata kobe huwahi nyama ya mtemi."

Holo aliinama, akachukua kanda lake. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu, aliligeuza lile neno kuwa utani kwa kumvuta baba yake ndevu. Akaenda zake mtoni. Lubinza alicheka peke yake mpaka akamaliza kupaka mafuta.

Nusu mwezi ilipita. Siku ya kurudi ilifika, na mbingu za upande wa juu wa mto zilikuwa nyeusi. Chelezo kilivuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara kikiwa kimejaa watu na makanda, na kila aliyeshuka alikwenda moja kwa moja kwenye moshi wa nyama. Watu walipishana, walikumbatiana, walitafuta ndugu zao na kuwakosa na kudhani wako upande wa pili wa umati. Hakuna aliyehesabu. Ngusa, mtu wa rika moja na Lubinza, mshika kamba, alisimama majini mpaka magoti na kungoja amri. Mtemi Kasanda alitazama mawingu, akatazama mafahali waliokuwa wakiiva, akasema, "Haya, wimbo upigwe tule kabla hatujanyeshewa."

Lubinza alipiga. Wazee wanasema hakuwa amewahi kupiga vile. Ubeti wa kwanza uliwasimamisha hata wagonjwa, wa pili ukawachezesha, na wa tatu ulipokaribia mwisho watu walikuwa tayari wamevuta pumzi ya vigelegele. Pengo lilipofika alilijaza. Njuga zikalia, makofi yakalia, na yeye mwenyewe akiwa juu ya kelele zote, jasho linamtiririka kifuani.

Ndani ya kelele ile alisikia filimbi.

Alisikia, nataka mlishike hilo. Si kwamba hakusikia. Ilikuwa nyembamba na ya mbali, mara tatu, kisha mara tatu tena. Lubinza alidhani ni watoto wanaochezea filimbi za wazazi wao nyuma ya umati. Mikono yake ilikuwa katikati ya pigo zuri kuliko yote maishani mwake, na aliona aibu kulikatiza kwa ajili ya watoto. Akaingia ubeti wa nne. Mtemi akaashiria kwa fimbo yake, na Ngusa, ambaye naye alikuwa na njaa, akakivuta chelezo nchi kavu.

Lubinza alikula. Alipewa nundu, nyama ya waheshimiwa, akala huku watu wakimgonga mabega. Ni baada ya kulamba vidole ndipo alipotafuta uso wa binti yake ili ampelekee kipande alichomwekea. Alizunguka umati mara moja. Alizunguka mara ya pili akiuliza. Mmoja alisema alimwona Holo akiwa amebaki nyuma njiani na Bibi Shoma, ajuza aliyevimba mguu, akimsaidia kutembea. "Si wamekuja na chelezo cha mwisho?" aliuliza yule mtu. Wa chelezo cha mwisho wakasema walidhani wamekuja na cha kabla yake.

Lubinza alikimbia mtoni na kipande cha nyama mkononi. Jua lilikuwa bado juu. Gombero ulikuwa umekwisha kufurika, mwekundu, umebeba miti mizima na mizizi yake, na ng'ambo hakukuwa na mtu. Aliita mpaka sauti ikamwisha. Ngusa na vijana wanne walijaribu kukishusha chelezo, mto ukakinyakua mikononi mwao na kukivunja kwenye miamba mbele ya macho yao.

Kesho yake alikuja Mindi, mwanamke mchunga mbuzi wa upande wa chini wa mto, akaeleza alichokiona. Aliwaona wanawake wawili ng'ambo, mmoja ameketi, mmoja amesimama hadi mapajani ndani ya maji. Yule aliyesimama alikuwa akipuliza filimbi. "Alipuliza wakati ninyi mnapiga ngoma," Mindi alisema. "Akapuliza wakati ninyi mnakula. Niliwapungia mkono watu wenu, nao wakanipungia na kuendelea kucheza. Kisha maji yakaja, wakapanda ukingo kuelekea mbugani. Sikuona mwisho wao."

Sikuona mwisho wao. Kwa neno hilo Lubinza aliishi, na kwa neno hilo aliteseka, maana lingekuwa neno la kifo angekaa matanga na kunyoa nywele kama watu wengine.

Kijiji kizima kiliona aibu, na aibu ya watu wengi humtafuta wa kumtupia mzigo. Wengine walisema ni Ngusa. Wengine walisema ni njuga. Wachache walisema ni mtemi aliyeikimbilia nyama, lakini walilisemea jambo hilo jikoni. Lubinza hakumsema mtu. Alikwenda barazani akiwa ameinamisha kichwa, akasema mbele ya wote: "Nilimsikia mwanangu. Nilimsikia, nikaendelea kupiga." Kisha akaomba jambo moja. Aruhusiwe kupiga wimbo wa nchi kila siku ukingoni, mchana, pengo likiwa mahali pake, na watu wanyamaze, ili Holo akiwa hai popote ng'ambo ile ajibu, wajue yuko wapi na wampelekee chakula kwa njia yoyote.

Mtemi Kasanda alikubali upesi. Ilimfaa kukubali. Akatoa amri, nanyi mnaijua, isipokuwa hamjaambiwa maana yake. Wimbo ukipigwa kila mtu asimame, kwa kuwa aliyekaa hunong'ona na jirani yake. Mikono ishuke ubavuni, isipige makofi. Miguu isitikisike hata hatua moja, njuga zisilie. Wenye kofia wazivue, masikio yawe wazi. Midomo ifungwe katika pengo. Nyuso zote zielekee mtoni, ambako jibu lingetoka. Na hali iwe hivyo mpaka mtemi ateremshe fimbo yake, ndiyo alama ya mwisho wa wimbo.

Ilikuwa amri njema. Nasema hivyo ingawa simpendi aliyeitoa. Kwa miezi mitatu ya masika, mchana baada ya mchana, watu wa Usangilo walikuja ukingoni na kusimama chini ya mvua, vichwa wazi, wakisikiliza. Walisikiliza kwelikweli. Mama alimziba mtoto mdomo kwa kiganja. Mzee mwenye kikohozi alikimeza mpaka machozi yakamtoka. Lubinza alipiga beti tatu, akainua mikwiro, na pumzi tisa zilipita hapasikiki kitu ila mto. Kisha aliishusha mikwiro taratibu bila kupiga ubeti wa nne. Hakuupiga ubeti wa furaha hata siku moja. Ngusa alisimama karibu naye kila siku, bega kwa bega, na walipomaliza walirudi nyumbani pamoja, wakala chungu kimoja.

Mara mbili walidhani wamesikia. Mara ya kwanza alikuwa ndege. Mara ya pili hawakujua ni nini, na usiku huo furaha ilimnyima Lubinza usingizi.

Masika yakaisha. Kiangazi mto ulipungua, wakatengeneza chelezo kipya, wanaume wakavuka kutafuta. Walilikuta kanda la Bibi Shoma chini ya mti, chumvi yote imeyeyuka. Cha Holo hawakukuta hata kitambaa. Walirudi wakasema wametafuta vya kutosha. Lubinza akauliza, "Mmekuta mifupa?" Wakasema hapana. "Basi yupo," akasema, na kesho yake mchana akapiga ngoma.

Huzuni ya jirani ni mgeni, siku ya tatu unampa jembe. Watu walikuwa na mashamba. Walikuja ishirini, wakaja kumi, wakaja kwa sababu wajumbe wa mtemi waliwafukuza majumbani kwa fimbo. Na wale waliokuja walisimama vilevile kama walivyoamriwa, mikono ubavuni na nyuso mtoni, lakini mawazo yao yalikuwa kwenye palizi. Mtemi Kasanda aliliona jambo hilo, na kuna jingine aliloliona ambalo lilimnogea zaidi. Aliona watu mia wamesimama mbele yake kimya, vichwa wazi, hakuna anayethubutu kujikuna, na wote wanangoja fimbo yake iteremke. Miaka yote ya utawala wake hawakuwahi kumnyamazia hivyo. Wakati mwingine alichelewa kuiteremsha makusudi.

Kitu kimoja tu kilimkera, nacho ni lile pengo. Katika zile pumzi tisa hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Na hata kama hakuna aliyesema, kila mtu alikumbuka ni nani aliyeagiza wimbo upigwe upesi nyama isije ikanyeshewa.

Mwaka huo mtemi wa nchi jirani alituma habari kwamba atakuja kuitembelea Usangilo. Kasanda alimwita Lubinza faraghani.

"Mzee Lubinza, mgeni akija utapiga wimbo mzima, mpaka ubeti wa nne. Bila pengo."

"Mtemi, pengo ndilo wimbo wenyewe."

"Mgeni atasema wimbo wetu una tundu. Ataniuliza tunasikiliza nini, nami nimjibu nini? Kwamba tuliwasahau watu wetu ng'ambo?"

"Ndiyo," Lubinza alisema. "Mjibu hivyo."

Mtemi alitazama pembeni. "Umri umekwenda, mzee wangu. Binti yako alikwisha kufa. Bugalama atakaa karibu nawe na ngoma ya pili. Ukichoka atakupokea." Bugalama alikuwa mwanafunzi wa Lubinza, fundi wa mikono, na alikuwa amekwisha kukiangalia kigoda kile cha karibu na mtemi.

Lubinza alirudi nyumbani. Siku tatu kabla ya mgeni kufika hakula. Ngusa alimletea uji, akaukuta kesho yake umeganda. "Kula, ndugu yangu," Ngusa alimsihi. "Piga wanavyotaka kwa siku hiyo moja tu. Kesho yake tutarudi mtoni mimi na wewe tusikilize." Lubinza akamjibu, "Itakuwaje kama ni siku hiyo ndiyo anayojibu?" Ngusa akauchukua uji wake.

Mgeni alifika na msafara wake. Wasangilo wote walipangwa ukingoni kwa mistari, tena mistari iliyonyooka, jambo jipya hilo. Kofia zilivuliwa. Mikono ikashuka. Mtemi Kasanda aliinua fimbo yake, na Lubinza akaanza kupiga, amekonda, mikwiro ikionekana minene kuliko mikono iliyoishika. Alipiga ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akainua mikwiro juu.

Bugalama hakungoja hata pumzi ya pili. Aliingia na ubeti wa nne, kwa nguvu, mapigo ya mbio, yaleyale aliyoyabuni Lubinza na kumfundisha kwa majivuno. Lubinza aligeuka. "Nyamaza!" alisema. "Nyamaza kidogo, hajajibu! Mwacheni ajibu!" Akaitupa mikwiro, akapiga hatua moja kuelekea mtoni na mkono nyuma ya sikio. Akaanguka kifudifudi kwenye mchanga, kichwa chake kikiwa karibu kuugusa mguu wa Ngusa.

Alikuwa hai. Hilo walioshuhudia walilisema baadaye, wote, kila mmoja kwa sauti ya chini. Kinywa chake kilikuwa mchangani na mgongo ukipanda na kushuka. Ilihitajika mtu mmoja tu wa kuinama na kumgeuza. Ngusa aliona. Vidole vya mkono wake wa kulia vilitikisika, kisha akavibana kwenye paja. Alimtazama mtemi, na fimbo ilikuwa bado juu. Aliwatazama wenzake kwa pembe ya jicho, na wenzake walikuwa wakitazama mbele. Basi naye akatazama mbele.

Mtemi Kasanda angeweza kuiteremsha fimbo. Mkono haukumwuma. Lakini mgeni alikuwa akiangalia, na Kasanda hakutaka kuonekana mtu wa kukatizwa wimbo na mpiga ngoma. Bugalama alirudia ubeti wa nne. Akaurudia tena. Mchanga ulio mbele ya pua ya Lubinza ulikuwa ukitimka kidogo kila alipotoa pumzi, na watu mia walikuwa wakiuona, na polepole ukaacha kutimka. Ndipo fimbo ikateremka. Ngusa aliruka, akamgeuza, akampiga makofi mashavuni, akamwita kwa jina la utotoni. Alikuwa akimwita maiti.

Mtemi jirani alisimama kitambo akiutazama umati ule, mistari yake, vichwa vyake vilivyo wazi, na uwanja usio na mtu mwenye kutikisika isipokuwa mzee mmoja anayelia chini. Akamgeukia Kasanda. "Ndugu yangu," alisema, "watu wako wana adabu. Nifundishe."

Akafundishwa. Alirudi kwake na amri ile, kutoka kwake ikaenda kwa jirani yake, na kutoka huko ikavuka milima na maziwa mpaka ikafika kwetu. Pengo halikusafiri nayo. Hakuna aliyelipiga tena hata Usangilo kwenyewe, na mto hautazamwi, kwa kuwa watemi waliofuata walisimika mlingoti na kutundika bendera, watu wapate pa kuelekeza macho.

Na tangu siku hiyo, wimbo wa taifa unapopigwa, watu husimama wima. Kofia huvuliwa, mikono hushuka ubavuni, miguu hukaa pamoja, na kila mmoja hutazama mbele. Na mtu akizirai juani katikati ya mstari, kama mlivyoona sikukuu iliyopita, waliosimama kulia na kushoto kwake hawainami. Husubiri wimbo uishe, kisha humwinua.